Watoto wa Mlingotini na somo la kompyuta: Tuanze na mwalimu au na kishikwambi?

Na Mwandishi Wetu

KWA muda sasa umekuwepo mjadala, hasa miongoni mwa wazazi wa mijini, kuhusu umri unaofaa mtoto kuanza kufundishwa kuandika programu za kompyuta. Jijini Dar es Salaam zipo shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza ambazo zimekwisha kulijibu swali hilo kwa vitendo. Mtoto wa miaka mitano au sita anakaa mbele ya kishikwambi, anapanga vipande vya rangi mithili ya mtu anayepanga tofali, na paka aliyechorwa kwenye kioo anatembea, anaruka, au anatamka neno ambalo mtoto mwenyewe amelirekodi kwa sauti yake.

Ukitoka jijini kwa barabara ya Bagamoyo, kilometa chache kabla ya kuufikia mji huo mkongwe, iko njia inayokata kulia kuelekea baharini hadi Mlingotini, kijiji cha wavuvi na akina mama wanaolima mwani, chenye mikoko yake na kisicho mbali na chuo cha uvuvi cha Mbegani. Huko swali ni lile lile, lakini uzito wake ni mwingine. Mtoto wa darasa la kwanza wa shule ya umma anasubiriwa kwanza na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na katika shule zetu nyingi si ajabu akaanza safari hiyo katika chumba chenye watoto wengi kuliko madawati. Je, naye afundishwe kumwendesha paka wa kwenye kioo, au hiyo ni anasa ya watoto wa Masaki na Mikocheni?

Kwa maoni yangu, naye afundishwe. Lakini sababu za kumfundisha, na namna ya kumfundisha, si zile zinazotajwa na wafanyabiashara wa vifaa, na humo ndimo wanamoponzeka wapanga sera wa nchi nyingi.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia kitu gani. Programu inayotumiwa sana kwa watoto wa umri huo inaitwa ScratchJr. Ilitolewa mwaka 2014 nchini Marekani, ikiwa ni kazi ya Profesa Marina Umaschi Bers, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Tufts, kwa kushirikiana na kundi la Profesa Mitchel Resnick wa MIT na kampuni ndogo ya Playful Invention ya Canada. Imelengwa watoto wa miaka mitano hadi saba. Ni mdogo wake Scratch, iliyotangulia mwaka 2007, ambayo ni ya watoto wa kuanzia miaka minane.

Tofauti kubwa kati ya hizo mbili ndiyo inayotuhusu. Vipande vya Scratch vina maneno, kwa hiyo mtoto sharti awe anajua kusoma. Vipande vya ScratchJr havina maneno, vina michoro. Mshale unaoelekea kulia maana yake ni kwenda kulia. Bendera ya kijani maana yake ni kuanza. Vya rangi ya bluu ni vya mwendo, vya kijani ni vya sauti, vya zambarau vinabadili sura ya mhusika, vya manjano ndivyo vinavyoanzisha jambo, na vya rangi ya chungwa vinatawala mambo kama kusubiri na kurudia. Mtoto anavipanga mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, jinsi ile ile atakavyosoma sentensi atakapofika huko.

Akikosea, hakuna mwalimu anayempigia alama ya mkasi. Anaona tu kuwa paka amepita nyumba aliyotakiwa kuingia. Anahesabu tena hatua, anaondoa mbili, anajaribu upya. Ndani ya dakika tano amekosea mara nne na kusahihisha mara nne bila kuaibika mbele ya wenzake. Mzazi yeyote aliyewahi kuona daftari la hesabu la mtoto wa darasa la pili lililojaa wino mwekundu anaweza kupima mwenyewe thamani ya jambo hilo.

Fikra hii haikuzaliwa juzi. Mwaka 1967 Seymour Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, akiwa na wenzake Wally Feurzeig na Cynthia Solomon huko Marekani, walibuni lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto iliyoitwa Logo. Baadaye mtoto aliweza kukiongoza kwa lugha hiyo kijiroboti kilichoitwa kobe, kikitembea sakafuni na kuchora mistari. Papert alishikilia kuwa mtoto ndiye aipangie kompyuta, si kompyuta impangie mtoto. Wengi wa watoto wetu leo wako upande wa pili wa sentensi hiyo, maana simu ya baba au mama inawapangia katuni moja baada ya nyingine hadi usingizi uwachukue.

Mtu anayedhani kuwa mtoto wa Mlingotini ataiona namna hiyo ya kufikiri kuwa ni ngeni hajakaa na watu wa pwani. Mwangalie mama anayesuka ukili wa mkeka. Mkono wake unafuata utaratibu wa kupitisha mwaa juu na chini kwa hesabu maalumu, kisha kurudia, kisha kurudia tena, na akikosea mwaa mmoja ua la mkeka linapotoka na yeye analazimika kufumua hadi penye kosa. Hayo ndiyo maagizo, marudio na kutafuta kosa, mambo matatu ambayo mwalimu wa kompyuta hutumia wiki kadhaa kuyaeleza. Mchezaji wa bao naye, kabla hajashika kete, amekwisha kuusafirisha mchezo mzima kichwani.

Au chukua mwani. Zao hilo lilianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989 na baadaye likaenea mwambao wa bara, Mlingotini ikiwa mojawapo ya sehemu zinazojulikana kwa kilimo hicho. Kazi yake inaongozwa na bahari. Wakati wa bamvua maji yanapokupwa sana, akina mama wanaingia na kamba na vigingi. Maji yakianza kujaa, wanatoka. Baada ya wiki sita hivi wanavuna. Mtoto aliyekulia hapo anajua, bila kufundishwa na mtu, kwamba jambo moja likitokea ndipo jingine huanza. Katika ScratchJr jambo hilo lina vipande vyake. Mhusika mmoja anaweza kutuma bahasha ya rangi fulani, na mwingine akaanza kutembea anapoipokea. Bahari iliyochorwa na mtoto ikishuka, inatuma bahasha, na mama aliyechorwa na mtoto huyo huyo anaingia majini. Hilo ni somo la dakika thelathini, na mwanafunzi analijua zaidi kuliko mwalimu.

Hata hivyo, tusiahidiane makubwa. Wauzaji wa mafunzo haya hupenda kusema kuwa mtoto akijifunza kuandika programu atafaulu pia hisabati. Uingereza ilijaribu kulipima dai hilo. England iliingiza somo la kompyuta katika mtaala wake wa kuanzia miaka mitano mwezi Septemba 2014, na baadaye mradi wa ScratchMaths wa chuo cha UCL ukafanyiwa tathmini katika zaidi ya shule 100. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kuwa watoto waliimarika katika kufikiri kwa mpangilio wa kikompyuta, lakini alama zao za hisabati hazikupanda kuliko za wenzao. Tathmini hiyo ilihusu watoto wa miaka tisa hadi kumi na moja, wakubwa kuliko hawa tunaowazungumzia, lakini inatosha kumfanya ofisa elimu awe mwangalifu. Anayetaka hisabati ifundishwe vizuri, na aifundishe hisabati.

Kuna pia swali la KKK, ambalo ni zito kuliko yote. Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2010 uliishtua nchi ulipoonyesha kuwa katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, ni kama watatu tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Ni mshtuko huo uliochangia mtaala wa darasa la kwanza na la pili kupunguzwa masomo mwaka 2015 ili nguvu zielekezwe kwenye KKK. Kuurundikia tena umri huo somo jipya lenye kitabu chake, mtihani wake na kipindi chake kwenye ratiba kungekuwa kurudi tulikotoka. Wanaopinga kwa hoja hiyo wana haki ya kusikilizwa.

Lakini hoja hiyo inaangukia mahali ambapo watetezi wake hawakutarajia, na ushahidi uko katika mkoa wa jirani kwenye mwambao huu huu.

Kati ya mwaka 2017 na 2019, Mkoa wa Tanga ulikuwa uwanja wa shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, lililofadhiliwa na tajiri Elon Musk kwa Dola za Marekani milioni 15. Timu tano zilizofika fainali zilitengeneza programu za Kiswahili za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Vishikwambi vilivyotolewa na kampuni ya Google viligawiwa kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji takriban 170, na kuchajiwa kwa vituo vya umeme wa jua. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania walishirikiana katika zoezi hilo.

Kwa mujibu wa waandaaji, kabla ya jaribio zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na karibu robo tatu yao walielezwa kuwa hawakuwahi kwenda shule. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya kwanza ya Dola milioni 10.

Somo la Tanga linasomeka kwa namna mbili, na wengi wamelisoma kwa namna moja tu. Ni kweli kwamba mtoto wa kijijini asiyewahi kushika kifaa cha aina hiyo alikizoea na kujifunza kwacho, kwa sababu kilizungumza naye kwa Kiswahili. Hilo linaufuta ule usemi wa maofisini kwamba watoto wa vijijini hawako tayari. Lakini ni kweli vilevile kwamba baada ya mwaka mmoja na robo, na fedha zote hizo, nusu ya wale walioanza bila kujua neno walibaki hivyo hivyo. Kifaa peke yake kilifika hapo kikaishia.

Majirani zetu wana habari zinazofanana. Kenya iliahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2013, na kuanzia mwaka 2016 ikagawa zaidi ya vifaa milioni moja katika shule zaidi ya 20,000. Vyombo vya habari vya nchi hiyo viliripoti mara kwa mara vifaa kufungiwa stoo, vingine kuibwa, na walimu kutojua la kuvifanyia. Mwaka 2022 Kenya ilichukua njia nyingine pale taasisi yake ya mitaala, KICD, ilipoidhinisha mafunzo ya kuandika programu ya kampuni ya Kodris Africa kwa shule za msingi na sekondari. Rwanda nayo ilianza mwaka 2008 na kompyuta ndogo za mpango wa Kompyuta Moja kwa Kila Mtoto, ikagawa zaidi ya 200,000. Peru, iliyonunua nyingi zaidi chini ya mpango huo huo, ilifanyiwa utafiti na Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika, na ripoti ya mwaka 2012 haikuona tofauti katika alama za hisabati wala za lugha.

Ukiziweka habari hizo pamoja utaona kosa moja linalojirudia. Fedha zilitangulia kwenye kifaa, na mwalimu akafikiriwa baadaye.

Hapa kwetu, kwa bahati, mambo yamekwenda kinyume kidogo, tena bila kukusudia. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, ile iliyotuhesabu kuwa watu 61,741,120, Serikali iliamua kuwa vishikwambi vilivyotumiwa na makarani visirundikwe maghalani bali wapewe walimu. Kwa mara ya kwanza, mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi ya kijijini akawa na kifaa cha kazi mkononi. Uamuzi ule haukushangiliwa inavyostahili, pengine kwa sababu haukuwa na utepe wa kukata.

Sasa tuunganishe nukta. ScratchJr hailipiwi. Inafanya kazi kwenye vishikwambi vinavyotumia mfumo wa Android, aina ile ile iliyotumika katika sensa. Ikishapakuliwa mara moja haihitaji intaneti tena, kwa hiyo haimalizi bando la mwalimu. Haihitaji mtoto ajue kusoma, wala haihitaji ajue Kiingereza. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha mwalimu, kwa siku mbili au tatu za likizo, kwamba kifaa alichopewa kinaweza kufanya zaidi ya kuhifadhi maandalio ya masomo na kupokea ujumbe wa makundi ya simu.

Nijuavyo, wapo watakaocheka na kuuliza kishikwambi kimoja kitawatosha vipi watoto themanini. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi haifanyiki kwenye kishikwambi. Chuo Kikuu cha Canterbury cha New Zealand, chini ya Profesa Tim Bell, kimekuwa tangu miaka ya 1990 kikieneza njia ya kufundisha mambo ya kompyuta bila kompyuta. Mtoto mmoja anakuwa roboti, wenzake wanampa amri: hatua tatu mbele, geuka kushoto, okota. Kadi zinachorwa kwenye boksi lililokatwa, na mchanga wa uwanjani unatosha kuchora miraba. Profesa Bers mwenyewe ana roboti ya watoto iitwayo KIBO inayoongozwa kwa vipande vya mbao, bila kioo chochote. Pwani ambayo mafundi wake wamekuwa wakichonga majahazi na ngalawa kwa karne nyingi haiwezi kushindwa kuchonga vipande vya mbao vyenye mishale.

Baada ya wiki ya kucheza uwanjani, kundi la watoto watano linakuja mbele kwa zamu kuijaribu kwenye kishikwambi hadithi waliyoipanga kwa kadi. Kushirikiana kifaa si ufukara tu. Mtoto anayelazimika kumweleza mwenzake kwa maneno ni kwa nini paka ageuke hapa na si pale anajifunza zaidi ya yule anayebonyeza peke yake.

Na hapo ndipo KKK inapoingia. Kupanga matukio kwa mfuatano, kuhesabu hatua, kusoma alama kutoka kushoto kwenda kulia, kusimulia mwanzo, kati na mwisho (ScratchJr ina kurasa nne tu, zinazotosha hadithi fupi), haya yote yamo tayari katika kazi ya mwalimu wa darasa la awali na la kwanza. Hakuna haja ya somo jipya wala mtihani. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inazungumza sana juu ya umahiri badala ya kukariri, na nafasi imo humo kwa halmashauri yenye nia. Siku tutakapoona karatasi ya mtihani ikimtaka mtoto wa miaka saba ataje rangi ya kipande cha kurudia, tujue tumeliua jambo lenyewe.

Suala la lugha linahitaji maneno zaidi, kwa kuwa linapuuzwa.

Imejengeka imani kwamba kompyuta ni Kiingereza. Mzazi anayelipa ada kubwa Dar es Salaam anaamini ananunua vyote viwili kwa pamoja. Lakini chukua amri zenyewe: nenda, geuka, ruka, subiri, rudia, simama. Kiswahili kina amri fupi, na mtoto amezisikia tangu alipoanza kutambaa. Chukua sharti: kama mvua ikinyesha ingia ndani, la sivyo endelea kucheza. Huo ndio msingi wa programu zote duniani, na mama wa Mlingotini ameutamka leo asubuhi.

Wala si kweli kwamba hatujawahi kujaribu. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux uliosaidiwa na Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na wataalamu wetu wenyewe. Mwaka uliofuata Microsoft nayo ikatoa Kiswahili chake. Tulibishana sana wakati ule kama ni kompyuta, ngamizi au tarakilishi, tukabishana hadi watumiaji wakachoka na kurudi kwenye Kiingereza. Leo Scratch, ile ya watoto wakubwa, ina Kiswahili katika orodha yake ya lugha. Mtoto aliyeanza na michoro akiwa na miaka sita anaweza kuhamia kwenye vipande vya Kiswahili akiwa darasa la tatu, kabla sekondari haijambadilishia lugha ya kufundishiwa. Hilo ni daraja ambalo watoto wa nchi nyingi za Afrika hawana, na sisi tunalo bila kulitumia. BAKITA na Taasisi ya Elimu Tanzania wangeweza kukaa siku moja na walimu wa awali, wakakubaliana maneno thelathini hivi, basi. Si mamia. Thelathini.

Wapo wanaouliza pia kama kuna haja ya haya yote katika zama hizi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, mashine za akili bandia zimekuwa zikiandika programu zenyewe kwa kuelezwa tu kwa maneno. Kwa nini tumfundishe mtoto kazi ambayo mashine inamnyang'anya? Hoja hiyo ina nguvu kwa kijana wa chuo anayetafuta ajira. Kwa mtoto wa miaka sita haina, maana hafundishwi ajira. Anafundishwa kueleza jambo kwa mpangilio ambao hata asiyefikiri ataufuata, na kugundua pale palipoharibika. Mashine inayotii maneno inamhitaji zaidi mtu anayejua kuyapanga. Mtoto ambaye hajawahi kuiamuru mashine ataikuta akiwa mtu mzima na kudhani ina pepo.

Kuna sababu nyingine ya kuitaja Mlingotini, na si mandhari yake. Mwaka 2013, wakati wa ziara ya Rais Xi Jinping wa China, yalitiwa saini makubaliano kuhusu bandari kubwa ya Bagamoyo, na eneo lililolengwa ni huku Mbegani na Mlingotini. Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi Oktoba 2015, washirika wakiwa kampuni ya China Merchants na mfuko wa Serikali ya Oman. Mwaka 2019 Rais John Magufuli aliusimamisha mradi akisema masharti yake hayafai. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa mazungumzo yanafufuliwa. Mtoto aliyezaliwa Mlingotini mwaka ule wa 2013 amekua akisikia bandari inakuja, haiji, inakuja.

Bandari za kisasa hazibebeshi watu magunia mabegani. Winchi zinaongozwa kutoka chumbani, makontena yanafuatiliwa kwa kompyuta, na forodha ni mtandao. Ikija, itahitaji watu wachache wenye ujuzi, na kwa mwenendo wa mambo watatoka Dar es Salaam au ng'ambo, huku wenyeji wakipata kazi za ulinzi na usafi baada ya kuachia ardhi na ufukwe wa mwani. Isipokuja, mwani wenyewe unakabiliwa na bahari inayozidi joto, na wanaolima aina ya cottonii, yenye bei nzuri zaidi, wamekwisha kuona ikifa majini. Kwa njia zote mbili, mtoto huyo atahitaji kichwa kilichozoea kupanga, kujaribu na kusahihisha. Sisemi kuwa paka wa kwenye kioo atamfikisha huko. Nasema wa Masaki ameshaanza, na pengo la miaka kumi na mbili haliwezi kuzibwa kwa semina ya wiki mbili ya vijana wanaozunguka eneo la mradi.

Watu wa kusaidia wapo. Apps and Girls, asasi iliyoanzishwa mwaka 2013 na Carolyne Ekyarisiima, imekuwa ikiwafundisha wasichana wa Tanzania kuandika programu. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, umekuwa ukipeleka kompyuta shuleni na kuwafundisha walimu. Hata hivyo kazi nyingi za aina hii zimeelekezwa sekondari, ambako mashindano hufanyika na picha hupigwa. Darasa la awali halina mashindano.

Gharama nazo zitazamwe kwa macho makavu. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule za msingi kwa miaka mingi ilipangwa kuwa Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu ya fedha hizo hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Mwalimu mkuu hawezi kununua vishikwambi kwa fedha hiyo wala asishauriwe kufanya hivyo. Anaweza kununua boksi, kalamu za rangi na gundi. Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo, kwa upande wake, inaweza kuwakusanya walimu wa awali na darasa la kwanza wa kata za mwambao katika moja ya vituo vya walimu wakati wa likizo ya Juni, kila mmoja akija na kishikwambi chake alichokwisha kupewa. Mji wa Bagamoyo una chuo cha sanaa, TaSUBa, chenye watu wanaojua kuwachezesha na kuwasimulia watoto kuliko mtaalamu yeyote wa kompyuta, nao wangefaa kuwa sehemu ya wakufunzi.

Jambo la kuanzia ni dogo zaidi ya hilo. Ni ofisa elimu mmoja wa wilaya kupita shuleni akiuliza vishikwambi vile vya sensa viko wapi, vingapi bado vinawaka, na nani anakaa na chaja.